Merikani Iliyofuliwa Mara Tatu

Esha binti Shee alikuwa fundi wa cherehani pale sokoni Matiliku, na katika mambo yote aliyoyadharau duniani, la kwanza lilikuwa mwanamume anayezungumzia bunduki. Alikuwa amewasikiliza tangu utotoni. Baba yake, mzee Shee, alitoka Lamu akiwa kijana, akafuata misafara ya bara kama fundi wa bunduki, na misafara ilipokufa akabaki Kitui mjini, akaoa Mkamba, akafungua banda la kuziba masufuria. Kila jioni wanaume walikaa kwenye banda lile wakisimulia ndovu waliowaua. Kufikia umri wa miaka kumi, Esha alikuwa ameshajua kwamba wengi wao wasingeweza kumpiga ng'ombe aliyefungwa kamba.

Mzee Shee hakujaliwa mtoto wa kiume, na macho yake yaliingia ukungu mapema. Alikuwa na gobori moja la Kizungu alilolipenda kuliko masufuria yote ya Kitui. Halikuwa kama yale magobori ya kawaida yanayotema chochote unachotia, misumari na kokoto. Ndani ya mtutu lilikuwa na mifereji saba iliyojizungusha kama uzi uliosokotwa, na risasi ilipopita humo ilitoka ikizunguka, ikaenda moja kwa moja. Lakini lilitaka kulishwa kwa adabu. Risasi yake ilikuwa duara, ndogo kidogo kuliko tundu la mtutu, na nafasi iliyobaki ilizibwa kwa kipande cha kitambaa kilichopakwa mafuta. Kitambaa kikikosea, bunduki nzima imekosea. Mzee alipoona vidole vyake vimebaki peke yao bila macho, alimfundisha bintiye.

Kwa hiyo Esha alijua mambo ambayo wale wasimulizi wa ndovu hawakuyajua. Alijua kwamba kitambaa ni merikani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, tena merikani iliyofuliwa mara tatu ili wanga wote utoke, maana wanga huungua na kuacha uchafu mgumu ndani ya mtutu. Alijua unene wake kwa kukisugua kati ya kidole na gumba. Kikiwa chembamba mno moto hupenya pembeni na risasi hutoka ikiyumba. Kikiwa kinene mno utaigonga risasi mpaka ipoteze umbo lake. Baada ya kupiga, alikwenda mbele kukiokota kile kipande kilichoanguka na kukisoma. Kikiwa na tundu katikati, kina kasoro. Kikiwa kizima, chenye weusi wa moshi tu na nyuzi chache pembeni, kimefaa.

Mafuta aliyatengeneza kwa mkia wa kondoo, akayachuja, akayachanganya na nta ya nyuki aliyonunua kwa warina asali wa Kilungu. Wakati wa baridi nta kidogo, wakati wa jua kali nta nyingi. Samli yenye chumvi hakuigusa, kwa sababu chumvi hula chuma. Siku moja jirani yake Jonah Mbuvi, mzee wa kanisa, alimletea kwa nia njema kopo la mafuta ya nguruwe mwitu. Esha alimtazama, akalitazama kopo, akamtazama tena, mpaka Jonah akakumbuka mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya nani.

Risasi zenyewe alizimimina kwenye kalibu ya baba yake. Kipande cha madini ya risasi kikikataa kuchubuka kwa ukucha alikitupa. Alitaka laini tupu.

Baba alipofariki, gobori likahamia Matiliku pamoja na Esha, kwenye duka la mumewe, Rashid. Leseni iliandikwa jina la Rashid, kwa sababu karani wa Machakos alicheka aliposikia jina la mwanamke. Rashid alikuwa mpole, muuza chumvi, sabuni na vitambaa, na aliiogopa bunduki ile kama mtu anayeogopa mama mkwe. Kila mwaka alikwenda kuifanya upya leseni, akairudisha kwenye mfuko wa koti, na kwa upande wake kazi ikawa imekwisha. Aliyewapiga nyani shambani alikuwa Esha, asubuhi mapema, kabla watu hawajapita.

Ilikuwa mwaka wa 1948, serikali ilipokuwa ikifyeka vichaka vya Makueni ili watu wahamie. Wanyama waliofukuzwa kule walitawanyika kila upande, na nyati mmoja dume, mzee, mwenye pembe moja iliyovunjika ncha, akaja kukaa kwenye kichaka kando ya mto mkavu chini ya Matiliku. Alikula mtama na kunde, na hilo watu walilivumilia. Kisha akamkuta Mbinya, mke wa Jonah Mbuvi, akichota maji kwenye kisima cha mchangani. Alimrusha. Mbinya aliletwa kwenye machela ya miti, nyonga imevunjika, na tangu siku hiyo hakuna mwanamke aliyekwenda mtoni bila kutetemeka.

Chifu alituma barua kwa afisa wa wanyama, akajibiwa kwamba jambo lake limesikika. Baada ya wiki mbili za kusikika, chifu aliita mkutano, akatangaza kwamba Rashid atatoa bunduki yake na itabebwa na Sajini Musyoka.

Musyoka alikuwa amerudi kutoka Burma akiwa na medali mbili, koti la jeshi na namna ya kusimama iliyowafanya watu wengine waonekane wamekaa. Umri wake ulikuwa kama miaka thelathini. Alipiga bunduki vizuri, hilo hata Esha hakulikana. Lakini alikuwa mtu wa kusema "sisi kule", na kila aliposema hivyo Esha aliikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili asimsikie.

Alikuja kulichukua gobori siku ya soko, watu wamejaa kwenye baraza la duka. Esha alimpa risasi ishirini kwenye kifuko, baruti, fataki za kuiwashia, na mkebe wa tumbaku uliojaa vipande vya merikani, vimekatwa mviringo na kupakwa mafuta tayari. Akaanza kumweleza. Musyoka alifungua mkebe, akanusa, akauweka mezani.

"Mama Mwanamisi," alisema, akimwita kwa jina la binti yake kama walivyofanya wote, "sisi kule Burma hatukuzishonea bunduki nguo."

"Kule Burma mlipewa risasi zilizopikwa tayari, Sajini. Kazi yenu ilikuwa kula tu."

Baraza lote lilicheka. Musyoka naye alitabasamu, lakini masikio yake yalibadilika rangi. Esha aliliona hilo na likamfurahisha. Akaendelea, sasa akisema na wale watu zaidi kuliko na yeye. Alisema mtu asiyejua kutofautisha kaki na bafta kwenye suruali aliyoivaa mwenyewe hawezi kujua kitambaa cha bunduki. Alisema medali hazishindilii risasi. Watu walicheka tena, na Musyoka akageuka kuondoka, mkebe ameuacha pale pale.

Alipofika ngazini aliuchomoa mdeki, ule ufito wa kushindilia, akautazama. Karibu na ncha yake ya juu kulikuwa na mkato mdogo ambao mzee Shee aliukata kwa tupa. Risasi inapokaa sawasawa juu ya baruti, mkato ule unalingana na mdomo wa mtutu. Mkato ukibaki juu, maana yake risasi imekwama njiani, na kuna nafasi tupu kati yake na baruti. Hapo hupigi. Ukipiga, mtutu wenyewe ndio unaopasuka. Katika yote mzee aliyomfundisha, hilo alilirudia mpaka Esha akalichukia.

Musyoka alipitisha kidole gumba juu ya mkato. Esha alimwona. Alifungua kinywa, kisha akaona bado yale masikio, na ule mgongo ulionyooka kwa kiburi, akajiambia kwamba mtu aliyefundishwa na vita atajifunza na hili pia. Akarudi kwenye cherehani.

Yaliyotokea aliyasikia kwa Jonah Mbuvi, aliyekuwa mmoja wa wanaume sita waliokwenda. Musyoka hakutumia risasi za Esha. Aliona ni laini kama nta, akaziyeyusha pamoja na madini ya betri ya lori, akazimimina upya kwenye kalibu ya udongo, ili ziwe ngumu, ziuvunje mfupa. Kitambaa alikikata kwenye kaki ya jeshi. Mafuta aliyachota chini ya lori la Mhindi lililokuwa limesimama sokoni, oili nyeusi. Risasi ya kwanza aliijaribu kwenye mti na ikaenda vizuri, akawatazama wenzake. Ya pili iliingia kwa shida. Ya tatu aliishindilia kwa jiwe, akiupigapiga mdeki, na ile oili iliyokutana na masizi ya baruti ilikuwa imeshakuwa lami ndani ya mtutu. Wakati huo nyati akatokeza kichwa. Musyoka akachomoa mdeki, akanyoosha mkono wa kushoto mbele kabisa kama alivyofundishwa jeshini, akalenga, akavuta.

Mtutu ulipasuka mbele kidogo ya mkono wake. Nyati alikimbia bila jeraha. Musyoka alipelekwa Machakos kwa lori lile lile, mkono umefungwa kwa koti lake, na huko walimkata vidole vitatu na nusu ya cha nne.

Sokoni kila mtu alikuwa na maelezo. Wengine walisema gobori lile lina majini ya pwani. Jonah aliomba kanisani dhidi ya vyombo vya kale. Chifu alisema yeye alishauri tu. Esha aliwadharau wote kwa zamu, kwa sauti, huku akishona, na Rashid alikaa nyuma ya mizani yake akisikiliza. Jioni ile, wakifunga duka, Rashid alimwuliza jambo moja tu.

"Ulimwambia habari ya mkato?"

Esha alikunja kitambaa. Akakikunja tena, kikawa kidogo mno kukunjika. Rashid hakuuliza mara ya pili, na kwa miaka yote iliyobaki hakuuliza tena. Kwa wiki tano Esha hakumtukana mtu. Wateja walidhani anaumwa.

Musyoka alirudi kutoka hospitali akiwa amekonda, mkono wa kushoto umebaki na kidole gumba na kipande. Alikuja barazani saa za mchana, hakukuwa na mtu. Alikuwa amebeba vipande vya gobori kwenye gunia; polisi walikuwa wamevitazama wakasema ni vyuma chakavu. Alilitua gunia, akabaki amesimama.

"Ule mkato kwenye mdeki," alisema. "Ulikuwa wa nini?"

Esha alimweleza, bila kupunguza na bila kuongeza. Alipomaliza, alisema, "Nilikuona ukiushika. Nilinyamaza kwa sababu ulinikera."

Musyoka alikaa kwenye ngazi.

"Nami nilijua ule mkato una maana," alisema. "Niliona aibu kukuuliza mbele ya watu wale."

Hakuna aliyeomba msamaha. Esha aliingia ndani akamletea chai, akaiweka upande wake wa kulia. Kisha akalimwaga gunia barazani, akaanza kuvikagua vipande.

Sehemu ya nyuma ya mtutu ilikuwa nzima, urefu wa mkono na shubiri. Esha aliifunga risasi yake laini ndani ya kitambaa chembamba, akaisukuma polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, macho ameyafumba, akisikiliza kwa vidole kama kuna mahali pamevimba. Hapakuwa na mahali. Wakaipeleka kwa Muthama, mhunzi wa njia ya Kilungu, mtu mkimya aliyefua visu na majembe. Muthama aliikata palipopasuka kwa msumeno wa chuma, akausawazisha mdomo kwa tupa siku nzima, akapunguza mti wa bunduki, akachonga mdeki mfupi. Mkato wa mdeki mpya Esha aliukata mwenyewe.

Kisha wakalifunga gobori kwenye shina la mti wa miiba kwa kamba za katani, wakatia baruti mara mbili ya kawaida, wakajificha nyuma ya kichuguu, wakavuta kifyatulio kwa kamba ndefu. Lilinguruma. Wakarudia mara tatu. Esha alikwenda kila mara kuokota kitambaa, akakileta, akamwonyesha Musyoka akisome mwenyewe. Cha tatu Musyoka alikitazama akasema hiki kimeungua katikati, merikani hii ni nyembamba kuliko ile ya kwanza. Kilikuwa cha kitambaa kingine kweli, Esha alikitia makusudi. Akamwambia kwamba hata mbuzi angeona.

Nyati bado alikuwa mtoni. Chifu alisema wasubiri afisa kutoka Nairobi. Esha alisema afisa akifika atamkuta nyati amepiga kura. Wakaondoka asubuhi ya Alhamisi, watatu. Rashid alikwenda kwa sababu leseni ilikuwa ya jina lake, na hakukubali sheria ivunjwe. Alivaa koti, leseni kifuani, kisu cha kuchinjia mkononi, na alisali njia nzima kwa midomo. Esha alibeba baruti na mkebe. Musyoka alibeba gobori, pamoja na mti wa panda wa kuliegemeza, kwa kuwa mkono wa kushoto haukuweza tena kulishika. Walibishana mpaka mtoni. Esha alisema Musyoka anakanyaga majani kama lori. Musyoka alisema jeshini mtu wa kusema hivyo angefungwa mdomo kwa soksi.

Walimpata anakunywa. Palikuwa kama hatua hamsini, upepo ukiwapiga usoni. Musyoka alichomeka mti wa panda mchangani, akapiga magoti, akaegemeza. Aliponyamaza alikuwa mtu mwingine, na Esha, kwa mara ya kwanza, alielewa kwa nini walimpa medali. Risasi ilimpata nyati nyuma ya bega. Alipiga magoti, akainuka, akaingia kichakani, na kichaka kikanyamaza.

Sasa gobori lilikuwa tupu. Musyoka alimpa Esha bila kugeuka, macho yake kichakani. Esha alipitisha kitambaa chenye unyevu kufuta masizi. Akatia baruti. Akatandaza merikani juu ya mdomo wa mtutu, akaweka risasi, akaisukuma kwa gumba. Matawi yakavunjika. Rashid nyuma yao alisoma dua kwa sauti sasa. Esha alikamata mdeki kwa mikono yote miwili na kusukuma, na risasi ikashuka laini kama uzi kwenye sindano, moja kwa moja, mpaka ikakaa. Nyati alitoka.

"Mkato?" Musyoka aliuliza polepole.

"Umefika."

Musyoka alilichukua, akaliegemeza, Esha akamtilia fataki kwa vidole vyake mwenyewe, kwa sababu Musyoka hakuwa na vya kutosha. Nyati alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa. Musyoka alingoja. Esha baadaye alisema alingoja kwa kujionyesha, Musyoka akasema alingoja shingo ifunguke. Alipiga. Nyati alianguka karibu kiasi kwamba mchanga uliwarukia, na Rashid, yule mwoga, ndiye aliyekimbia mbele na kisu ili nyama ile iwe halali kwa kila mtu wa Matiliku.

Jumapili Jonah Mbuvi alimshukuru Mungu kanisani, kisha akamshukuru Sajini. Musyoka alisimama, akasema yeye alivuta tu, aliyeua nyati ni Mama Mwanamisi. Watu walipiga makofi kwa unyenyekevu wake. Mbinya, aliyeletwa kanisani kwa kubebwa, ndiye aliyempa Esha habari hizo. Esha alisema hakutegemea zaidi kutoka kwa watu wanaoimba kabla ya kusikiliza, lakini akaomba arudiwe yale maneno ya Musyoka, na Mbinya akayarudia.

Gobori liliishi miaka minne zaidi. Hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ikaanza kukusanya silaha za watu, Rashid alikuwa wa kwanza Matiliku kupeleka yake, leseni mkononi. Wote watatu walikwenda. Inspekta kijana wa Kizungu aliinua kile kitu kifupi, akachungulia mdomoni, akasema kwa Kiswahili chake kwamba hii haiwezi kuua panya. Askari wakacheka, wakakitupa juu ya rundo la mikuki na marungu. Musyoka alipanua kifua kuanza kueleza. Esha alimwambia kwa Kikamba aache, asipoteze pumzi kwa watu wasiojua hata wanachokishika. Hakutazama nyuma wakati wa kuondoka. Rashid alitazama.

Rashid alifariki mwaka wa 1956, kwa homa ya siku nne. Wakati huo Musyoka alikuwa ameshakaa barazani kwa Esha miaka mingi kama mpiga pasi. Mkono wake mmoja ulitosha kwa pasi ya makaa, na ule mwingine, kwa gumba na kile kipande, ulishika nguo vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Wapita njia walimsikia Esha akimwambia kuanzia asubuhi hadi jioni kwamba jeshi lilimfundisha kukunja blanketi tu, na walimsikia akijibu. Siku alipounguza kola ya shati la chifu, Esha alimsema mpaka wateja wawili wakahama baraza kwa aibu. Kisha akalifumua shati lile shingoni, akatafuta kitambaa cha rangi ile ile kwenye sanduku lake mwenyewe, akashona kola mpya, akampa aipige pasi kabla chifu hajafika.